Rambo Alikuwa Anatafuta Pa Kulala

Hebu tuanze na hesabu ya maiti. Katika First Blood, filamu ya kwanza ya Rambo iliyotoka 1982, anakufa mtu mmoja tu. Na hata huyo mmoja hapigwi risasi: anaanguka kutoka kwenye helikopta baada ya Rambo kuirushia jiwe. Kila nikiwaambia watu hivi wananikatalia. Kwao Rambo ni bunduki ya mashine, mishipi ya risasi kifuani, na kijiji kizima kinachowaka moto. Hizo zote ni za baadaye. Ile ya kwanza inahusu mwanaume anayetembea kwa miguu kando ya barabara, begi begani, akiwa na njaa.

Hadithi yenyewe ni fupi. John Rambo amerudi kutoka Vietnam. Anaenda kumtembelea rafiki yake waliyepigana pamoja, anafika kwao, anaambiwa rafiki amekufa kwa saratani iliyotokana na kemikali ambazo jeshi lao wenyewe lilimwaga kwenye misitu ya Vietnam. Sasa hana wa kumtembelea. Anaendelea kutembea mpaka mji mdogo unaoitwa Hope, jimbo la Washington. Hapo mkuu wa polisi, Teasle, anamuona. Hamuulizi amefanya nini, kwa sababu hajafanya kitu. Anamuangalia nywele, anamuangalia koti lake la jeshi, anamwambia apande gari, kisha anamvusha mji na kumtema upande wa pili. Rambo anauliza pa kula. Anaelekezwa mbele, mbali, nje ya mji. Teasle akigeuza gari, Rambo naye anageuka na kuanza kurudi mjini kwa miguu.

Kwa hilo anakamatwa. Na shtaka la kwanza analoandikiwa si mauaji wala wizi. Ni uzururaji.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa hapo. Sheria ya uzururaji tuliachiwa na mkoloni, tukakaa nayo hadi 1997 ndipo ikafutwa, na hata baada ya kufutwa, karao akikusimamisha saa nne usiku River Road maswali ni yale yale. Unatoka wapi? Unaenda wapi? Unakaa wapi? Ukitazama vizuri, la tatu ndilo linaloamua mawili ya kwanza. Mtu mwenye keja anatembea. Asiye na keja anazurura. Miguu ni ile ile.

Ndiyo maana nasema First Blood ni filamu kuhusu mtu asiye na makao, na kwamba tumeitazama kwa zaidi ya miaka arobaini kama filamu ya kitu kingine. Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, mabati juu, viti vya mbao, DJ akitafsiri juu ya sauti za waigizaji kama kawaida. Alikuwa mcheshi kweli. Lakini kufikia dakika za mwisho, Rambo alipokaa sakafuni akaanza kulia, DJ alinyamaza kidogo, kisha akapiga stori nyingine mpaka ikaisha. Simlaumu. Ule ulio mwisho wa filamu haukuwa unaingiana na shoo tuliyolipia.

Mwisho huo ndio ninaoutaka tuusome polepole. Rambo amebomoa nusu ya mji, amezingirwa, na kamanda wake wa zamani, Kanali Trautman, ameingia kumtuliza. Rambo anaanza kuongea. Kwanza anaongea kuhusu kazi. Kule vitani, anasema, alikabidhiwa vifaa vya mamilioni ya dola, akaaminiwa na maisha ya watu. Huku nyumbani hawezi hata kupata kibarua cha kuegesha magari ya watu. Hiyo ni lugha ya mshahara. Kisha, bila kupumua, anahama: anasimulia rafiki yake aliyelipuliwa na bomu lililofichwa ndani ya sanduku la mng'arisha viatu, na jinsi alivyojaribu kumshikilia asimwagike. Sauti inakatika, anavunjika, kanali anamkumbatia.

Watu wote hukumbuka sanduku la viatu. Hakuna anayekumbuka kibarua cha kuegesha magari. Na filamu yenyewe inataka hivyo, kwa sababu inaingia kwenye hotuba kupitia mlango wa uchumi na kutokea mlango wa kiwewe, na haigeuki nyuma tena. Tangu hapo hiyo ndiyo njia waliyopita waandishi wa filamu wa Marekani wanapomsimulia mwanajeshi aliyelala nje: kilichoharibika kiko kichwani mwake. Kodi ya nyumba, foleni ya ofisi ya marupurupu, landilodi anayekataa kukupangisha, hivyo havichezwi. Havina mlio.

Kwenye riwaya ya David Morrell ya 1972, ambayo filamu ilitolewa humo, Rambo anakufa. Filamu nayo ilipigiwa mwisho wa kifo, lakini watazamaji wa majaribio hawakuupenda, ukatupwa. Rambo akaishi. Sasa studio ikabaki na tatizo: umemwacha mtu hai, hana nyumba, hana kazi, ana pingu mkononi. Utampeleka wapi?

Jibu lilitoka 1985. Filamu ya pili inaanza akiwa gerezani, akipasua mawe. Trautman anamjia na ofa ya kutoka: rudi Vietnam. Ya tatu, 1988, ni Afghanistan. Yaani Hollywood ilimtafutia Rambo makao na makao yenyewe yakawa vita vingine. Ilibidi asubiri hadi filamu ya 2008 ndipo mwishoni tumuone akitembea, begi begani tena, kuelekea shamba la babake Arizona. Na katika ile ya 2019, akiwa hatimaye na nyumba yake mwenyewe, amechimba mahandaki chini yake na analala humo. Watu waliicheka hiyo filamu, na kwa mengi ilistahili kuchekwa. Ila picha hiyo ya mtu mwenye nyumba anayelala shimoni chini yake ni kitu cha kweli ndani ya filamu mbaya, na inauliza swali ambalo First Blood ilikwepa. Je, nyumba ingetosha?

Swali hilo lina jibu nje ya sinema, na linafaa kuwekwa mezani kabla hatujaendelea, maana ukosoaji usiojua hesabu hugeuka mahubiri.

Kila mwaka, usiku mmoja mwishoni mwa Januari, Marekani huhesabu watu wake wasio na makao. Mwaka 2010 wanajeshi wastaafu waliohesabiwa walizidi 74,000. Mwaka 2024 walikuwa 32,882. Wamepungua zaidi ya nusu. Sasa angalia upande wa pili: mwaka huo huo wa 2024, jumla ya watu wote wasio na makao Marekani ilipita 771,000, idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hiyo ianze. Nchi ile ile, kodi zile zile za nyumba, baridi ile ile. Kundi moja linashuka, wengine wote wanapanda.

Kwani wanajeshi walipona vichwa vyote kwa pamoja? Hapana. Kilichotokea ni kwamba serikali ilitoa pesa. Kuna mpango unaompa mwanajeshi mstaafu vocha ya kulipia kodi, pamoja na afisa wa kumfuatilia. Na falsafa ikageuzwa: zamani mtu aliambiwa kwanza acha pombe, kwanza tibiwa, kwanza onyesha umebadilika, ndipo tukupe nyumba. Kanuni ikawa kumpa nyumba kwanza, hayo mengine yafuate akiwa ndani. Wengi wakipewa nyumba hukaa ndani ya nyumba. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba ni vigumu kulitengenezea filamu.

Ndiyo sababu nilienda kwa Leave No Trace, filamu ya Debra Granik ya 2018, nikiwa na wasiwasi. Wengi walinipendekezea kama dawa ya Rambo. Na ni kweli, ni filamu bora zaidi, kwa mbali. Baba, Will, mwanajeshi mstaafu, anaishi na binti yake Tom, wa miaka 13, ndani ya msitu wa Forest Park, pembeni mwa jiji la Portland. Granik haonyeshi kumbukumbu hata moja ya vita. Hatuambiwi ni vita gani. Tunaonyeshwa turubai, maji ya mvua, uyoga, mazoezi ya kujificha. Tunaonyeshwa Will akienda hospitali ya wanajeshi kuchukua vidonge vyake, kisha akivipeleka kambini kwa wastaafu wengine waliojenga mahema na kuviuza. Pesa hizo ndizo zinanunua chakula. Sekunde chache tu, lakini zina uchumi mzima ndani: taifa linampa mtu huyu tembe, hali anahitaji unga, basi anageuza tembe kuwa unga.

Kisha wanaonekana na mtu anayekimbia mazoezi, polisi wanaletwa, na hapa ndipo Granik anaachana kabisa na First Blood. Hakuna Teasle. Maafisa wa ustawi wa jamii ni watu wazuri. Wanauliza kwa upole. Will anaketishwa mbele ya mashine inayomsomea mamia ya maswali ya ndiyo au hapana kuhusu ndoto zake na hofu zake, na hata aliyemketisha hapo anaona aibu kidogo. Baadaye wanapewa nyumba kwenye shamba la miti ya Krismasi. Nyumba safi, ina vitanda, ina jiko. Will anachukua televisheni na kuifungia kabatini. Siku chache baadaye anamuamsha Tom wafunge mizigo.

Wakosoaji wengi husoma kuondoka huku kwa njia moja: mtu ameumia sana, nyumba haiwezi kumtibu. Helikopta zinazobeba miti shambani zinamrudisha vitani, na hilo lipo, kweli linaonekana usoni mwa Ben Foster. Ila naomba tuiangalie nyumba yenyewe. Ni ya nani? Ni ya mwenye shamba. Will anakaa humo kwa sababu anamkatia miti. Akiacha kukata miti, nyumba inaenda. Jumapili inatarajiwa waende kanisani. Kuna fomu za kujaza, na kuna shukrani zinazongojwa bila kutamkwa. Mwenye shamba ni mtu mkarimu, sisemi siye. Lakini amewapa nyumba kama tajiri anavyompa kibarua chumba cha nyuma.

Sisi nyumba hiyo tunaijua. Hata kama hujawahi kuishi ndani yake, kuna mtu wa ukoo wako aliishi: nyumba ya mwajiri, inayokwisha siku kazi inapokwisha. Na tofauti inaonekana kwenye filamu yenyewe, kwa sababu baadaye Tom anapata mahali pengine. Ni kambi ya watu wanaoishi kwenye trela msituni, jimbo la Washington. Mama mmoja pale anawapokea. Mstaafu mwenzake Will, aliyekuwa mganga jeshini, anamtibu mguu na kumwachia mbwa wa kumkaa karibu usiku. Halafu Tom anafanya kitu ambacho nadhani ndicho moyo wa filamu: anazungumzia kodi. Anatafuta trela lake mwenyewe, anakubaliana bei, anafurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Hakuna anayemuuliza anaota nini. Analipa, ana mlango.

Will haweza kukaa, anarudi msituni peke yake, na Tom anabaki. Ule utengano nimeutazama mara tatu na sijawahi kuumaliza macho yakiwa makavu. Bado nina neno nao. Filamu moja ina haki ya kumsimulia mtu mmoja, na wapo watu kama Will. Lakini ukiweka First Blood na Leave No Trace pamoja, miaka 36 katikati, unagundua zote mbili zinampeleka mstaafu sehemu moja: msituni, na hata jimbo ni lile lile. Mmoja anaenda na kisu, mwingine na begi. Msitu ni mzuri kwenye skrini. Kijani, ukungu, kimya. Asiyekuwa na makao akiwa msituni anafanana na mtu aliyechagua. Anafanana na mtawa. Na mtazamaji anatoka amehuzunika bila kudaiwa chochote, kwa sababu utamfanyia nini mtu aliyetaka mwenyewe kuondoka?

Wengi wao hawako msituni. Wako mjini, kwenye magari, mabweni ya dharura, chini ya barabara za juu. Na mfano ulio wazi zaidi uko Los Angeles kwenyewe, jiji la studio. Mwaka 1888 familia tajiri zilitoa ardhi huko ili yajengwe makao ya wanajeshi waliostaafu. Yalijengwa, na kwa miongo mingi maelfu waliishi pale. Baada ya Vita vya Vietnam makao yakafifia, lakini ardhi ikabaki mikononi mwa serikali, ekari 388 katikati ya mitaa ya bei ghali kabisa. Sehemu ikakodishwa: uwanja wa besiboli wa chuo kikuu cha UCLA, viwanja vya michezo vya shule ya binafsi. Kufikia 2020 na 2021, wanajeshi wastaafu walikuwa wamepanga mahema kwenye njia ya miguu, nje ya ua wa ardhi iliyotolewa kwa ajili yao. Walitundika bendera za Marekani kwenye mahema. Kesi ikaenda mahakamani, na Septemba 2024 Jaji David Carter akaamua kwamba mikataba hiyo haikuwa halali, na akaamuru zijengwe nyumba zaidi ya elfu mbili, za kudumu na za muda.

Hiyo si siri ya kichwa cha mtu. Ni hati ya shamba. Ni ua, ni mkataba wa kukodisha, ni nani anacheza mpira ndani na nani amelala nje. Na ilikuwa ikitokea mwendo mfupi kwa gari kutoka mahali filamu za wanajeshi waliochanganyikiwa zinakoandikwa.

Wala si mpya. Mwaka 1932, wakati wa njaa ya Mdororo Mkuu, maelfu ya wanajeshi wa Marekani waliopigana Vita vya Kwanza walipiga kambi Washington wakidai marupurupu waliyoahidiwa. Tarehe 28 Julai Jenerali Douglas MacArthur aliwatimua kwa mabomu ya machozi na vifaru, na mabanda yao yakateketea. Mwanajeshi asiye na makao akikaa kimya anaitwa mgonjwa. Akidai, anaitwa tishio.

Kuna mwandishi aliyeyaona haya yote bila kumpeleka mtu msituni kwa sababu ya uzuri wa msitu, na hatukuhitaji kwenda Marekani kumtafuta. Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya 1964, husomwa kama riwaya ya shule na ya Mau Mau. Mimi niliisoma baada ya kuacha chuo, bila mtihani wa kuningoja, na nilichokiona kwanza ni kwamba ni riwaya ya watu waliorudi kutoka vitani.

Wahesabu. Ngotho, baba wa Njoroge, alichukuliwa kwa nguvu Vita vya Kwanza, akafyeka misitu na kutengeneza barabara za wanajeshi. Aliporudi alikuta ardhi ya kwao imeenda. Bwana Howlands naye ni mtu wa vita hivyo hivyo, Mwingereza aliyetoka navyo amevunjika moyo, akaja Kenya kutafuta mahali pa kusahau. Yeye akapata shamba. Shamba lenyewe ni lile la akina Ngotho. Kwa hiyo wanaume wawili wametoka vita moja: mmoja anapewa makao, mwingine anakuwa kibarua ndani ya makao hayo, akiotesha chai ya mwenzake kwenye udongo wa babu yake.

Huyo si mfano wa kubuni tu. Baada ya 1918 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango rasmi wa kuwagawia wanajeshi Wazungu mashamba, na ardhi nyingine ilikatwa kutoka kwa Wanandi. Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo kichwani, na waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na magonjwa, walipewa sanamu barabarani na jina la mtaa, Kariokor. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kufika kwa familia. Waliorudi wakatundikiwa kipande shingoni. Vita vya Pili, hadithi ile ile: mwaka 2019 Al Jazeera ilifichua hati zinazoonyesha kwamba Uingereza ililipa wanajeshi kwa rangi, Mzungu akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile.

Sasa mweke Boro hapo. Mwana wa Ngotho, amepigana Vita vya Pili, amempoteza ndugu yake Mwangi huko. Anarudi hana kazi, hana shamba, ana kimya kizito ambacho daktari wa leo angekiandikia dawa. Ngũgĩ anakiona hicho kiwewe. Boro ni mtu aliyeharibika, na mwandishi hamfichi. Ila hamruhusu msomaji aishie hapo. Kila Boro anapofungua mdomo nyumbani, anachouliza ni ardhi. Anamuuliza babake walikaaje wakaitazama ikienda. Na wakati Ngotho anapofutwa kazi na kufukuzwa kwenye kipande alichojengea, kwa sababu hata hicho kilikuwa cha Jacobo, hakuna msitu wa kupendeza. Kuna fundi seremala Ng'ang'a anayemwambia jenga kwangu. Jirani anatoa nafasi. Ni aya fupi sana, Ngũgĩ haipigii ngoma, na ni sawa na ile ya Tom akikubaliana kodi ya trela.

Boro anaenda msituni pia, ndiyo. Lakini haendi kujificha na watu. Anaenda kwa sababu ya shamba, kama walivyoenda wanaume halisi waliofundishwa kupiga bunduki na jeshi la Uingereza, akiwemo Waruhiu Itote, aliyepigana Burma kabla ya kuwa Jenerali China. Sisemi njia hiyo ilimponya Boro. Riwaya inasema wazi haikumponya. Kisasi kinamla hadi hakuna kilichobaki. Ninachosema ni kwamba Ngũgĩ, akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, aliweka vitu viwili kwenye mzani mmoja, kilichoumia kichwani na kilichoporwa ardhini, na hakuruhusu kimoja kifute kingine. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia. First Blood inakishika kwa sekunde kumi kisha inakiachilia. Leave No Trace inakishika kwa muda mrefu zaidi, mkononi mwa binti kuliko mwa baba.

Na kwetu leo? Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia. Januari 2016 kambi ya El Adde ikavamiwa, na wananchi hawakutangaziwa rasmi ni wangapi walikufa. Vijana wa rika langu wamekwenda, wamerudi, wengine wamestaafu wakiwa bado vijana. Tukiwasimulia, huwa ni maziko yenye bendera au kisa cha mstaafu aliyepotea njia akaingia uhalifu. Shujaa au jambazi.

Lugha yetu ya mtaani inajua zaidi ya hadithi zetu. Neno soja lilitoka kwa mwanajeshi wa Kiingereza. Leo ukisema soja Nairobi, hakuna anayefikiria vita. Unamaanisha yule anayefungua geti, anayeandika namba ya gari lako, anayelala ameketi ndani ya kibanda cha bati upana wa mlango, akilinda nyumba ambayo si yake. Neno askari limepita njia hiyo hiyo. Hatukukaa kikao kuamua hivyo. Ilitokea tu, mwajiri baada ya mwajiri, mpaka mpiganaji na mlinda nyumba ya mwingine wakawa jina moja.

Bado naingoja riwaya au filamu ya Kenya ya mtu aliyerudi kutoka Somalia. Najua atakayeiandika atavutiwa kuanza na ndoto mbaya, jasho, mkono unaotafuta bunduki chini ya mto. Aziweke, ni za kweli. Lakini tafadhali atuonyeshe pia ni keja gani hiyo, bei gani kwa mwezi, jina la nani liko kwenye risiti, na itakuwaje tarehe tano ikifika kabla ya pensheni.